Kushoto kwa Boya

Nyumbani kwao walimwita Nahodha Mkavu, na jina hilo, ingawa lilitolewa kwa dhihaka, halikuwa na chembe ya uongo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwandishi wa kujitegemea wa mambo ya boti na bahari, na mtu ambaye moyo humchafuka akitazama tu beseni la maji likibebwa. Makala zake zilitoka kila mwezi katika jarida la wenye boti, zikiwa na jina lake kamili na picha ndogo aliyopigwa gatini, macho ameyaelekeza upeoni kama mtu aliyetoka kuuvuka jana. Msomaji hakuweza kujua kwamba mkono wake wa pili, uliobaki nje ya picha, ulikuwa umekumbatia nguzo.

Aliwahi kupanda boti mara moja tu, alipofuatana na Mhariri kwenda kuijaribu injini mpya na kuiandikia tathmini. Kamba ilikuwa haijafunguliwa bado alipotapika juu ya viatu vya Mhariri. Mhariri, mama mwenye subira nyingi na viatu vizuri, alivivua, akavisuuza baharini, kisha akapendekeza kwamba tangu siku hiyo mwandishi wake afanyie kazi yake nchi kavu.

Watu wengine wakishindwa jambo huliacha. Yeye, kwa kuwa alikuwa chuo kikuu, alilitungia nadharia. Mwandishi mwadilifu, alisema, hapaswi kuketi ndani ya chombo anachokihukumu, kama vile hakimu asivyopaswa kuketi mapajani mwa mshtakiwa. Umbali ndio usafi wa jicho. Basi akawa anakaa kwenye ukingo wa gati na chupa yake ya chai, akitazama boti zikiingia na kutoka, akiwahoji wanaoshuka, akichora ramani zake ndogo kwa penseli. Aliamini kwa dhati kwamba sentensi moja iliyonyooka inaweza kuokoa maisha ya mtu. Aliwahi kuyasema hayo mbele ya wanafunzi wenzake, wakampigia makofi, naye akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa bahari.

Mama yake hakuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Alikuwa akimkumbusha kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kumuuliza lini ataandika juu ya jambo analoliweza, kwa mfano kulala.

Aliyemwamini bila kusaza alikuwa mmoja tu: mjomba wake, ndugu wa pekee wa mama yake, daktari wa meno mstaafu. Mjomba alikuwa amenunua boti ndogo kwa sababu ya makala zake, na aliiendesha kwa makala zake. Mpwa wake akiandika kwamba injini isuuzwe kwa maji baridi baada ya kila safari, yeye aliisuuza kabla na baada. Mpwa wake alipoandika kwamba bahari haimsamehe mwenye pupa, alianza kwenda polepole hata maganda ya machungwa yakawa yanampita. Katika kila kikao cha ukoo alimtaja: kama asemavyo Nahodha. Lile neno "mkavu" hakulitamka kamwe.

Jumamosi moja asubuhi Nahodha alirudi kutoka kioskini na toleo jipya mkononi. Ndani yake mlikuwa na makala aliyoiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kuandika, mwongozo wa kuingia katika hori la mji wao, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Mlango wa hori hilo ulikuwa mwembamba, una boya jeupe katikati. Upande mmoja wa boya kuna kina cha kutosha. Upande wa pili umejificha mwamba, sentimita chache chini ya maji. Sentensi aliyoipenda zaidi ilisema hivi: "Ufikapo penye boya jeupe, pita kushoto kwake bila wasiwasi, kulia kwake umelala mwamba ambao haujawahi kumsamehe mtu." Alikuwa ameifuta na kuiandika upya mara nyingi, na alijivunia hasa yale maneno "bila wasiwasi".

Mama alikuwa sebuleni akikunja nguo. Nahodha alisisitiza amsomee, tena kwa vitendo, ili aone jinsi maandishi yanavyoweza kumshika mtu mkono. Akaweka ndoo nyeupe katikati ya chumba, ndiyo boya. Kochi likawa mwamba. Mama aliombwa asimame dirishani, ndipo gatini. Kisha yeye mwenyewe akatoka ukumbini, akaingia kwa mlango, jarida mkononi, akinguruma taratibu kama injini. Akafika penye ndoo, akasoma kwa sauti ya kupendeza, akapita kushoto kwake bila wasiwasi, na kuugonga muundi kwenye mguu wa kochi.

"Nahodha," mama alisema, bila kuacha kukunja shuka, "mbona umepanda mwambani?"

Alijibu kwamba ndoo imewekwa vibaya. Akaenda dirishani kuhakikisha. Kutoka dirishani mambo yalikuwa sawasawa na alivyoandika: kushoto kwa ndoo pako wazi, kulia kwake kochi. Akarudi mlangoni. Kochi lilikuwa kushoto. Akaenda tena dirishani, akarudi tena mlangoni, na kila alipogeuka kochi lilihama bila kusogea, mpaka akalikalia.

Kila alichokiandika alikuwa amekiona kutoka gatini, uso kuelekea baharini. Wasomaji wake wangekuja kutoka baharini, uso kuelekea gatini. Kwa lugha sanifu na mpangilio mzuri wa aya, alikuwa amewaelekeza watu wa majini jinsi ya kutoka horini, si ya kuingia.

Alitaka kucheka, hata alianza. Mama ndiye aliyemkatiza, kwa kumuuliza kama hii si ndiyo siku ambayo mjomba wake anakuja kula nao mchana.

Ndiyo ilikuwa siku hiyo. Mjomba alikuwa amepiga simu alfajiri, amejaa furaha kama bwana harusi. Nakala yake ya jarida ilikuwa imemfikia mapema kwa posta, na safari hii hangekuja kwa barabara. Angekuja kwa boti, yeye na mkewe, na angeingia horini kwa mwongozo wa mpwa wake, neno kwa neno.

Nahodha aliishika simu. Ya mjomba ilikuwa imezimwa. Ya mkaza mjomba ilikuwa imezimwa vilevile. Akapiga tena, na katikati ya kupiga akakumbuka makala yake ya mwezi uliopita, iliyomtaka kila mwenye chombo azime simu zote, azifungie katika kopo lenye mfuniko wa kukaza, na asizitoe mpaka chombo kiwe kimefungwa gatini. Hakuna msomaji mwingine duniani aliyetii ushauri ule. Lakini huyu mmoja alitii, naye ndiye aliyekuwa baharini.

Akampigia Mhariri. Mhariri alimsikiliza, akamtuliza kwa sauti ya mtu anayepaka kucha rangi, akasema masahihisho yatatoka katika toleo lijalo, sentensi mbili, chini ya tangazo la rangi za boti. Nahodha akazidi kubabaika. Ndipo Mhariri, kwa wema kabisa, alipomuuliza: "Kwani, mpenzi, kuna mtu anayezifuata makala zako kweli?"

Tangu makala yake ya kwanza alikuwa ametamani jibu la swali hilo liwe ndiyo.

"Yupo mmoja," alisema.

Alivaa viatu visivyolingana na kutoka mbio. Mama alimfuata mpaka kizingitini, nguo iliyokunjwa nusu ikiwa mikononi, na sasa hakuwa na mzaha usoni. Alimwambia kwamba ndugu yake huyo hajui kuogelea, kwamba tangu utotoni alikuwa akiogopa hata pipa la maji, na kwamba akipatwa na jambo kwa ajili ya insha, Nahodha asirudi na insha nyingine ya kumweleza.

Pikipiki ilimfikisha gatini huku akiwa ameukunja ule mwongozo wake na kuufanya rungu. Alikimbia mpaka mwisho wa mbao, pale pale palipokuwa ofisi yake. Hakuhitaji kutafuta. Boti yenye turubai la buluu ilikuwa tayari imekaribia mlango wa hori, ikija taratibu, polepole mno, kwa adabu zote za ile makala ya mwenye pupa. Hakuwahi kutamani kiasi hicho msomaji wake awe mzembe.

Akapunga mikono. Mjomba, aliyesimama kwenye usukani, akapunga pia. Akapiga kelele, upepo ukazila. Akataka kunyoosha mkono kuelekea upande salama, ukanyanyuka mkono wa kushoto, akashtuka kwamba kushoto kwake ni kulia kwao, akanyoosha wa kulia, akakumbuka kwamba kulia kwake ndiko kwenye mwamba, akaunyanyua wa kushoto tena. Kwa mtu aliye mbali alionekana kama anayecheza. Mjomba aliielewa kuwa ni shangwe ya kupokelewa, akauachia usukani na kupunga kwa mikono miwili.

Nahodha alifumba macho. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, naye amesimama juu ya mbao kavu. Akasubiri ule mlio ambao mbao au plastiki ngumu hutoa inapopasuliwa na jiwe, mlio aliokwisha kuuelezea kwa ufasaha katika makala mbili bila kuusikia.

Haukuja. Alipofumbua macho boya lilikuwa nyuma ya boti, na boti imepita upande wenye kina, bila wasiwasi.

Walipofunga kamba alikuwa ameketi chini. Mjomba alishuka kama aliyetua mwezini. Alimkumbatia, akamwambia kwamba katika maisha yake amesoma vitabu vinene vya tiba, lakini hajawahi kuona maelezo yanayomfikisha mtu mahali kwa usahihi wa namna ile. Alisema mwandishi ni huyu. Alisema wanaodharau wajionee.

Mkaza mjomba ndiye aliyeeleza jinsi walivyoingia, huku akijifuta chumvi usoni kwa ncha ya kitambaa. Miwani ya mumewe ilikuwa ndani ya kopo pamoja na simu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa msomaji. Aliketi kumwelekea mume wake, mgongo ukiwa kwa wanakokwenda, kama anavyoketi siku zote, kwa sababu hapendi kuyaona maji yanayomjia. Hupendelea yale yanayokwenda zake. Jarida alikuwa amelilaza magotini. Alipofika kwenye neno "kushoto", hakupoteza wakati kushindana na sauti ya injini. Alinyoosha tu mkono wake wa kushoto, naye nahodha wake akaufuata mkono.

Nahodha alisikiliza mpaka mwisho. Kosa lake lilikuwa limekutana na mtu aliyegeuka nyuma, na makosa mawili yakapeana mikono. Waandishi wachache hupewa bahati hiyo. Angeweza kunyamaza. Nafsi yake, ambayo aliwahi kuisifu mbele ya wanafunzi wenzake, ilianza kumletea hoja nzuri mno za kunyamaza: hakuna aliyeumia, masahihisho yatatoka, na mzee wa watu ana furaha, kwa nini umharibie chakula cha mchana. Alishangaa kuona jinsi nafsi yenye elimu inavyojua kupanga hoja.

Wakati huo mjomba alikuwa akilifungua kopo. Alikuwa na habari ya mwisho, aliyoiweka akiba kama peremende. Wastaafu wenzake wenye boti, chini ya uongozi wa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, walikuwa wamekubaliana kwamba endapo yeye atafika salama, kesho nao watakuja, boti zote, na wajukuu. Walikuwa wanasubiri tu neno lake. Akaiwasha simu.

"Usiwaambie, mjomba," Nahodha alisema. "Nimeandika kinyume."

Mjomba alimtazama kwa huruma. Alimwambia kwamba hiyo ndiyo kasoro yake pekee, kujishusha, na kwamba kujishusha kukizidi huwa ni aina ya majivuno. Akamwonyesha ubavu wa boti, hauna mkwaruzo. Nahodha alieleza habari ya ndoo na kochi. Mjomba alijibu kwamba kochi si bahari. Nahodha alimwambia kuwa maandishi yote yalitoka pale aliposimama, uso kuelekea nje. Mjomba akasema hilo ndilo linaloitwa kipaji. Walibishana hivyo kwa muda, naye akijisikia mjinga kwa namna mpya kabisa: alikuwa amempata katika dunia nzima mtetezi mmoja wa kazi yake, mtetezi hodari, na sasa ilimbidi amshinde.

Mkaza mjomba aliwaacha wabishane. Kisha alisimama mbele ya mumewe, akamkabili kama walivyokuwa ndani ya boti, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Baba, mkono huu uko upande wako gani?"

Mjomba aliutazama. Akanyanyua mkono wake mwenyewe kuulinganisha nao, na ulionyanyuka ulikuwa wa kulia. Akaushusha. Akageuka kulitazama boya, akakaa analitazama.

"Kumbe nimeokolewa na mgongo wako," alimwambia mkewe.

Hakumkaripia mpwa wake. Laiti angemkaripia, Nahodha angejua la kufanya. Alikuwa na uzoefu wa kukaripiwa. Mjomba alilichukua jarida, akalikunja, akalitia mfukoni mwa koti upande aliokuwa hajauzoea, kisha akabonyeza namba na kumpa Nahodha simu. Alisema habari hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Sauti ya yule mwalimu mkuu ilikuwa ya mtu aliyesimamia mistari ya wanafunzi kwa miaka mingi. Nahodha alijitambulisha, na yule mzee akaanza kumsifu. Ilimbidi akatize sifa zake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanyia mazoezi. Akasema kwamba sentensi ya boya imeandikwa kinyume. Njia ya kuingilia ni kulia.

"Kulia kwa nani?" mzee aliuliza.

"Kulia kwako, Mwalimu, ukiwa unaingia."

"Mwamba utakuwa kushoto kwangu."

"Naam."

"Umeuona wewe mwenyewe, ukiwa unaingia?"

Nahodha aliitazama ile boti ndogo ikipandapanda na kushuka kando ya gati. Nadharia nzima ya hakimu na mshtakiwa ilikuwa tayari mdomoni. Aliimeza.

"Bado."

"Basi kauone," mzee alisema, si kwa ukali. "Mimi nimekaa tu hapa. Utanipigia."

Akarudisha simu. Hakuna aliyemwambia apande. Mjomba alikuwa tayari anafungua kamba, na mkaza mjomba akihamisha vitu kutoka kiti cha mbele, kile kinachotazama maji yanayokuja. Alimpisha akae hapo, akamkabidhi mfuko wa plastiki uliokuwa na mikate, baada ya kuitoa mikate. Kuhusu simu, hawakuirudisha katika kopo. Mkaza mjomba aliishika mkononi, akisema kwamba hata hilo la kopo itabidi litazamwe upya.

Walitoka nje ya hori. Nahodha alijikaza kisabuni, akaushika mfuko kama msahafu. Nje ya mlango mjomba aliigeuza boti, na mji ukaja mbele yao ghafla, umegeuka. Hakuutambua. Gati alilolikalia kwa miezi na miezi akiihukumu bahari lilikuwa njiti ya kiberiti iliyochomekwa kwenye maji, na mtu mwenye chupa ya chai angekuwa juu yake kama sisimizi. Majengo aliyoyaeleza kuwa ni alama dhahiri yalijificha moja nyuma ya jingine. Boya lilikuwa dogo kuliko alivyoandika na lilicheza zaidi. Mwamba, ambao kutoka gatini ulionekana kama kivuli cheusi kisicho na shaka, kutoka hapa haukuonekana hata kidogo. Palikuwa na kiraka tu cha maji yenye rangi ya chai hafifu, yamekunjamana juu kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mtu asiyeambiwa angepita hapo akiimba.

"Kushoto," alisema, akanyanyua mkono wa kushoto kuonyesha mwamba ulipo, na papo hapo akatapika. Mkono hakuushusha. Mjomba aliupa mwamba nafasi kubwa, akapita kulia.

Walipokuwa ndani ya maji tulivu, mkaza mjomba alimpigia yule mzee na kumwekea simu sikioni, maana mikono ya Nahodha ilikuwa na shughuli.

"Uko kushoto, Mwalimu," alisema. "Hauonekani. Ni maji tu yaliyokunjamana, tena yana rangi ya chai. Nimeyaona."

Mzee alimwomba arudie pole pole, kwa sababu anaandika. Akarudia. Maneno yake hayakuwa na mpangilio wa kupendeza, na palipohitaji neno zuri alikohoa.

Sasa mjomba alipunguza mwendo, injini ikawa inanong'ona, naye akawa anatazama mbele kama mtu anayetafuta jino linalouma kabla ya kuuliza.

"Na ile makala ya nanga, mpwa wangu, uliionea wapi?"

"Gatini, mjomba."

"Na ile ya kuzima moto wa injini?"

Nahodha akaligeukia gati. Mjomba akatikisa kichwa, akaizima injini mahali palipokuwa na kina cha wastani, akamwonyesha nanga ilipolala na kamba yake.

"Basi itupe kama ulivyoandika," alisema. "Tuone."

Nahodha alikung'uta mikono, akausogeza mfuko karibu na mguu, akaishika nanga, ambayo ilikuwa nzito kuliko neno lake. Mkaza mjomba alikuwa akimweleza mama simuni kwamba chakula akifunike, kwa kuwa huyu mtoto ameandika mengi.